Mti wa upinde: ukiwa Chome, shuka chini

Hebu fanya jaribio la kichwani. Uko Chome, Upare ya Kusini, wilayani Same, mwaka 1800 au karibu na hapo. Ni asubuhi na ukungu bado umekalia migomba. Nyuma ya nyumba msitu unapanda mpaka kilele cha Shengena, takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Usiku nguruwe wa mwituni wameingia tena kwenye magimbi yako. Bunduki hazijafika huku. Upinde wako wa zamani umevunjika, unahitaji mwingine. Umeshika shoka. Unaenda kukata mti gani?

Niliwauliza swali hili wenzangu tunaokaa chumba kimoja cha kazi pale chuoni. Mmoja akasema mninga. Wa pili akasema mpingo, "kwa sababu ndio mgumu kuliko yote". Wa tatu, ambaye anatoka hukohuko Same, akasema mkulo, maana msitu wa Chome ndiko nyumbani kwa mkulo na hakuna mbao nzuri kuushinda. Wote watatu wamesoma sayansi miaka mingi, na wote watatu wangerudi nyumbani na kitu ambacho hakirushi mshale hata mpaka uani kwa jirani.

Jibu langu mimi ni hili: upe msitu mgongo, ushuke. Upinde wako uko kule chini kwenye vichaka vikavu, kule ambako mbuzi wanahangaika na jua. Ukinivumilia nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza kwa nini jambo hili dogo lina historia ndefu na chungu kidogo.

Tuanze na fizikia, maana bila hiyo tutabaki kubishana majina ya miti.

Upinde ni springi. Unapouvuta, upande unaotazama shabaha (tuuite mgongo) unalazimika kurefuka. Upande unaokutazama wewe (tumbo) unabanwa na kufupika. Katikati kuna mstari ambao haurefuki wala haufupiki, na mbao iliyokaa pale karibu haina kazi, imebebwa tu kama abiria. Kwa hiyo kazi yote inafanywa na ngozi mbili: ya mgongoni inayovutwa na ya tumboni inayogandamizwa.

Mgongo unarefuka kiasi gani? Chukua nusu ya unene wa fimbo, gawanya kwa nusu kipenyo cha duara ambalo fimbo imejikunja kulifuata. Fimbo yenye unene wa sentimita 2.4, ikijikunja kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 120, inakupa 1.2 gawanya kwa 120, yaani asilimia 1. Inasikika kama kitu kidogo. Kwa mbao siyo kidogo hata kidogo. Miti mingi ikifika hapo ama inapasuka, ama inakubali kushindwa na kubaki imepinda. Sasa chukua fimbo nene zaidi, sentimita 3.6, uikunje vilevile. Umefika asilimia 1.5, na hapo utasikia mlio ambao kila aliyewahi kujaribu kutengeneza upinde anaujua.

Kumbe basi unene ni adui. Lakini wembamba nao una tatizo lake. Fimbo ya mviringo ina tabia ya ajabu: ugumu wake wa kupinda unapanda kwa unene kipeo cha nne. Ongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Punguza kidogo tu, upinde umelegea umekuwa wa mtoto. Ndiyo maana fundi wa upinde akishakata hana tena haja na shoka. Anakaa chini na kisu, anakwangua, anapinda kidogo, anatazama kama pande zote mbili zinajikunja sawa, anakwangua tena. Siku nzima inaweza kuishia kwenye maganda yanayojaa kiganja kimoja.

Na faida ya taabu yote hiyo? Tuseme upinde unaovutwa kwa nguvu ya nyutoni 300 (kama unanyanyua debe moja na nusu la maji) kwa umbali wa sentimita 60. Nishati iliyowekwa ni nusu ya 300 mara 0.6, yaani jouli 90. Kama zaidi kidogo ya nusu inaingia kwenye mshale wa gramu 40, mshale unatoka na kasi ya mita 50 kwa sekunde, au kilomita 180 kwa saa. Nishati iliyobaki inapotea, na sehemu kubwa inapotea kwa sababu mikono ya upinde nayo ina uzito na lazima ijisukume yenyewe irudi mahali pake. Hapo ndipo mpingo unapofeli. Mita moja ya ujazo ya mpingo inakaribia tani moja na robo, unazama majini kama jiwe. Ugumu unao, lakini upinde wake ungetumia nguvu zako kujibeba. Mti tunaoutaka ni ule unaobeba nishati nyingi kwa kila gramu, unaokubali kunyumbuka sana bila kukata tamaa, kisha unarudi palepale ulipotoka.

Mpaka hapa ungeweza kusema: sawa, nitafutie jedwali la mbao nichague yenye namba nzuri. Wahandisi wengi tungefanya hivyo. Lakini jedwali linapima vipande safi vya mbao vilivyopasuliwa, na upinde wa kienyeji haukutengenezwa kwa mbao iliyopasuliwa.

Fikiria mbao kama fungu la mirija ya kunywea soda, mamilioni yake, iliyogandishwa pamoja kwa gundi. Mirija ni selulosi, gundi ni lignini. Ukivuta fungu kwa urefu, lina nguvu za kutisha. Ukilitenganisha kwa upana, linaachia. Sasa pitisha msumeno kwa mshazari kidogo tu: umekata mirija, na vichwa vyake vimejitokeza juu ya mgongo wa upinde. Kila kichwa kilichokatwa ni mlango wa ufa. Mgongo ukianza kuvutwa, ufa unaingia hapo, unateleza katikati ya mirija, na kazi ya wiki imekwisha.

Mti wenyewe, hata hivyo, una uso mmoja ambao hakuna mrija uliokatwa: uso ulio chini kabisa ya gamba. Ukichukua shina jembamba, unene wa mpini wa jembe au pungufu, ukaondoa gamba bila kuligusa lile tabaka la nje kwa kisu, umepata mgongo wa upinde uliokamilika. Asili imeshakufanyia. Wewe kazi yako ni kukwangua tumbo na kupunguza ncha. Ndiyo siri ya pinde nyingi za Afrika Mashariki, kipande kimoja kilichotokana na shina jembamba.

Sasa rudi kwenye mkulo (Ocotea usambarensis). Ni mti wa heshima, sibishi. Unapanda zaidi ya mita 30, mbao yake inanukia, wadudu wanaikimbia, ukitengeneza mlango wajukuu watautumia. Lakini nyuzi zake zimepishana: tabaka moja linazunguka kulia, linalofuata kushoto. Kwa mbao hilo ndilo linaloleta mistari mizuri inayong'aa. Kwa upinde ni balaa. Ukijaribu kuupasua kwa kabari unakataa kufuata mstari, na ukiupasua kwa msumeno umekata mirija kila mahali. Mkulo ni mti wa mbao. Upinde unatoka kwenye fimbo.

Utaniuliza, na ni swali la haki: msituni si kuna miti midogo pia? Ipo, na baadhi ingefaa, hasa ile ya pembezoni penye mwanga. Ila miche ya chini ya msitu inakua kwenye kivuli, imejirefusha kutafuta jua, na mara nyingi imeinama. Shina lililoinama halifai. Mti ukilala upande, unajenga mbao ya aina tofauti juu na chini ili ujinyanyue, na upinde wa shina hilo utajizungusha wenyewe ukikauka. Na kitu kingine ambacho wanaekolojia wamekipima sehemu nyingi duniani: mimea ya mahali pakavu huwa na mbao nzito na yenye ukakamavu kuliko ya mahali penye maji tele. Kichaka cha tambarare ya Same kinaishi na kiangazi kirefu, upepo, mbuzi na zamani tembo. Mti legelege haudumu pale.

Mti ninaokupendekezea huko chini ni mkole, jamii ya Grewia, hasa Grewia bicolor. Pengine umeshakula vitunda vyake ukichunga. Jina bicolor maana yake ni rangi mbili, kwa sababu jani ni kijani juu na jeupe-jeupe chini, ukiligeuza unalijua. Unaota kama kichaka chenye mashina mengi yanayotoka shina moja, mengine yamenyooka kama yamepigwa rula. Magamba yake yanatoa kamba. Mbao yake imetumika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya kwa mipini ya zana, fimbo za kutembelea, na pinde na mishale. Na ukiukata, kisiki kinachipua tena. Jambo hilo la mwisho likumbuke, tutalihitaji.

Nenda sasa kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawajawahi kuacha upinde. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeandika kwa kina juu ya vifaa vyao mwaka 1970, anataja mti wanaouita mutateko, yaani Dombeya kirkii. Huu nao ni mti mdogo. Ukifungua vitabu vipya vya botania utakuta Grewia na Dombeya, zilizokuwa zikiwekwa familia mbili tofauti, sasa zimo familia moja ya Malvaceae, pamoja na pamba, bamia na mbuyu. Sitaki kujenga ghorofa juu ya jambo moja, lakini familia hii inajulikana kwa nyuzi ndefu na imara kwenye magamba yake, na ndiyo hiyohiyo inayosokotwa kamba kuanzia pwani mpaka bara. Watu waliokuwa wanachuna kamba walikuwa tayari na mikono yao kwenye mti wa upinde.

Historia yenyewe ina umri gani? Lugha inatusaidia. Neno upinde ni la wazi, linatokana na kupinda. Lakini Kiswahili kina neno la zamani zaidi, uta, wingi wake mata. Ukienda kwa Wakikuyu na Wakamba utalikuta, ukienda kwa Wachewa wa Malawi utalikuta, ukishuka mpaka kwa Washona wa Zimbabwe bado unalikuta uta. Lugha za mbali hivyo hazikuazimana jana. Wanaisimu wanalirudisha neno hili mpaka kwenye Kibantu mama. Maana yake wazee wa lugha zetu walikuja na mata mikononi, na kila walipofika mahali papya, kama milima ya Upare, ilibidi waulize upya: hapa mti wa uta ni upi?

Kwa Upare tuna bahati ya kuwa na Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyeji wa milima hiyo, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya wazee. Humo kuna habari ya Washana wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa wahunzi uliokuwa na madaraka mpaka Wasuya wakaupindua. Sasa tazama upande wa pili wa habari hiyo. Chuma kilikuwa cha wahunzi, na wahunzi walikuwa na ukoo, na ukoo ulikuwa na nguvu. Chembe ya mshale ilikuwa na mwenyewe. Fimbo ya upinde ilikuwa inaota porini bila mwenyewe. Sikuona mahali popote hadithi ya ukoo uliotawala kwa sababu ulishika miti ya upinde, na kwa maoni yangu sababu ni ya kibotania: huwezi kuweka ulinzi kwenye kichaka kinachoota kila mahali na kuchipua kila kinapokatwa.

(Kidogo pembeni: kwa Kiswahili podo ni mfuko wa kubebea mishale. Wapasua mbao nao wana mti wanaouita podo, na uko msitu wa Chome. Usije ukadhani umepata uhusiano. Podo ya pili ni kifupisho cha Podocarpus, Kigiriki cha tunda lenye mguu. Nilipoteza jioni nzima kwa hilo.)

Linganisha na Uingereza. Wao waliutegemea mti mmoja, Taxus baccata, tuuite taksasi, jamaa wa mbali wa misonobari. Ni mti mzuri ajabu kwa kazi hii: mbao nyeupe ya nje inapenda kuvutwa, kiini chekundu cha ndani kinapenda kugandamizwa, kwa hiyo ukichonga fimbo yenye rangi zote mbili umepata mgongo na tumbo vilivyoumbwa kwa ajili yake. Yule maiti wa barafu wa milima ya Alps aliyegunduliwa mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na upinde wa taksasi mrefu kumzidi yeye mwenyewe, na hakuwa amemaliza kuuchonga. Meli ya kivita Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa 1982 ilikutwa na pinde nzima zaidi ya 130 za mti huohuo.

Lakini taksasi inakua polepole, na upinde wake hupasuliwa kutoka kwenye shina nene lililonyooka. Ukikata, umemaliza. Mwaka 1472 bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba meli za biashara zikija lazima zilete na mbao za pinde, nne kwa kila tani ya mzigo. Misitu ya Bavaria na Austria ikaanza kukauka taksasi. Taifa zima likawa linahangaikia mti. Mpare wa karne hiyohiyo alikuwa anakata shina moja kwenye kichaka chenye mashina kumi, na baada ya mvua chache yanarudi kumi na moja. Sisemi alikuwa mwema zaidi. Nasema alichagua fimbo wakati Mwingereza alichagua gogo.

Turudi Chome, maana kuna jambo ambalo wa tambarare hawalijui na wa milimani wanalijua mifupani: unyevu.

Utotoni nilitengeneza upinde wa tawi bichi la mpera. Asubuhi ulirusha, mchana ulirusha kidogo, jioni ulikuwa umebaki umejikunja kama mundu hata bila ugwe. Tawi bichi limejaa maji kuliko kuta za mirija zinavyoweza kushika, na mbao ya namna hiyo ikibanwa hairudi. Inabidi ikauke. Lakini ikauke mpaka wapi? Mbao haikauki kabisa, inapatana na hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50 inaiacha mbao na maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 90 inaipandisha mpaka 20 hivi. Na nguvu ya mbao ya kustahimili mgandamizo ikiwa na asilimia 20 ya maji ni takriban theluthi mbili tu ya ile iliyo nayo ikiwa na 12. Yaani tumbo la upinde ndilo linaloumia kwanza.

Umeona tatizo? Upinde uliokatwa na kukaushwa huko chini kwenye joto la Same ni mkali. Upandishe Chome, uutundike ukutani kwenye ukungu wa mwezi wa nne, baada ya wiki chache umekunywa maji kimyakimya. Hauna ufa, hauna alama, ila hauna nguvu, na ukiuvuta kikamilifu tumbo linaanza kujikunja mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko. Mahali pekee pakavu kwenye nyumba ya mlimani ni juu ya moto, palepale panapotundikwa mbegu zisiliwe na wadudu. Upinde ukikaa juu ya jiko unakauka na moshi unafukuza vidumuzi. Unalegeza ugwe usiku, unaupaka mafuta ya mnyama ili maji yaingie polepole. Kukata nako kuna majira: wakati wa mvua gamba linachunika kama ganda la ndizi na uso wa nje unabaki salama, lakini shina limejaa maji na utomvu mtamu kwa wadudu. Kiangazi ni kinyume chake. Kila fundi anachagua ubaya anaouweza. Mimi ningekata mwishoni mwa kiangazi na kuvumilia kumenya.

Mpaka hapa ni mti. Lakini mti unachaguliwa kwa kazi, na kazi ilibadilika.

Karibu na Upare, upande wa pili wa mpaka wa leo, kwenye pori la Tsavo, waliishi Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hawa walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde, na pinde zao zilivutwa kwa nguvu iliyopita kilo 45, ndani ya daraja moja na pinde za vita za Uingereza. Waliongeza sumu ya msunguti (Acokanthera), ambayo kiini chake, uabaini, kilitengwa na mkemia Mfaransa Albert Arnaud mwaka 1888 na baadaye kikaingia kwenye dawa za moyo. Sumu inatosha kusimamisha moyo wa mnyama yeyote, ila lazima ifike kwenye damu, na ngozi ya tembo inadai msukumo. Ndiyo maana Waata walihitaji upinde mzito. Wa Chome anayemvizia nguruwe kwenye magimbi, hatua kumi na tano gizani, angejipa adhabu bure kwa kubeba upinde wa namna ile.

Kisha zikaja bunduki, na bunduki zilikuja na misafara. Kuanzia miaka ya 1860 biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita bonde la Pangani ilizimwaga bunduki chini ya milima, na mkuu aliyekuwa nazo alimshinda aliyekuwa na mata. Wajerumani walipotawala, mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza kubwa ya wanyamapori, na Waingereza wakaendeleza njia hiyohiyo ya leseni na mapori yaliyofungwa. Mwindaji wa bunduki mwenye leseni akawa mwanamichezo. Mwenye upinde akawa jangili. Kule Tsavo, miaka ya 1956 na 1957, askari wa wanyamapori chini ya David Sheldrick na Bill Woodley waliwasaka wawindaji wa Kiata mpaka wengi wakaishia gerezani, na pinde zao zikakusanywa kama ushahidi.

Upande wetu, tazama mwaka mmoja: 1951. Mwaka huo msitu wa Chome ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu. Na mwaka huohuo, tambarare iliyo chini ya milima kaskazini-mashariki ilitangazwa kuwa pori la akiba la Mkomazi. Juu kumefungwa, chini kumefungwa, na Mpare yuko katikati kwenye shamba lake. Wafugaji waliokuwa bado Mkomazi waliondolewa mwaka 1988, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa.

Sitaki unielewe vibaya. Bila hifadhi ile ya juu, mito inayoteremka kwenye ndiva na mashamba ya tangawizi ingekuwa hadithi, na mkulo umeibwa vya kutosha hata ukiwa na ulinzi. Ninachokilalamikia ni kitu kidogo zaidi. Wataalamu wa misitu walipopanda Chome walipima mkulo: kipenyo, urefu, mita za ujazo. Kichaka cha chini chenye mashina ya unene wa kidole gumba hakina mita za ujazo. Hakiwezi kuuzwa. Kwenye vitabu vya namna hiyo mkole unaandikwa, kama unaandikwa, kwenye mstari wa "kuni na matumizi mengine". Na maarifa ya shina lipi linafaa, la upande gani wa kilima, la mwezi upi, yalikuwa kwa watu ambao kuanzia sasa kuyasema mbele ya mgeni kulikuwa kama kukiri kosa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza silaha zenye sumu, na ni sawa. Lakini babu anayeulizwa na mwanafunzi mwenye daftari, "zamani mlikata upinde wapi?", ana sababu nzuri ya kujibu kwamba hakumbuki.

Kwa hiyo nakuomba usimuulize hivyo. Kama una nyumbani Chome, au Mbaga, au popote kwenye milima ile, muulize bibi kwanza, na muulize kamba. Mti gani zamani mlichuna kufunga mizigo ya kuni, unaitwaje kwa Chasu, na unapatikana juu ya kijiji au chini yake? Akikutajia, nenda ukaugeuze jani lake. Kama chini ni jeupe, tafuta kwenye kichaka hicho, nje ya mipaka ya hifadhi, shina lililosimama wima, refu kama wewe, lisilo na kifundo kwenye sehemu ya katikati, nene kidogo kuliko kidole gumba chako. Lipinde taratibu kabla hujalikata, liachie, uone linarudi wapi. Halafu rudi kwa babu ukiwa nalo mkononi, bila daftari, uliweke mbele yake useme unataka mpini wa jembe. Msikilize atakavyokukosoa.